Wimbo Ambao Gáspár Hakuuacha

Ugonjwa ulimpiga Gáspár upande wa kushoto, upande wa vidole. Mkono uliokuwa ukitembea juu ya nyuzi za fidla tangu utotoni ulilala juu ya blanketi kama kitu cha mtu mwingine. Mdomo ulipinda, maneno yakawa yanatoka vipande vipande. Kijiji kizima cha Nádaskő kilijua kwamba hatainuka tena, na yeye mwenyewe alijua kuliko wote.

Vencel alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda. Tangu ujana wake alikuwa amesimama ubavuni mwa Gáspár kwenye harusi, kwenye ngoma na kwenye mazishi, akipiga kontra, ile fidla nene ya nyuzi tatu ambayo haipigi wimbo. Kazi ya kontra ni kuitikia tu, kusukuma kutoka chini, kama mtu anayevuta mivukuto wakati mhunzi anafua chuma. Nyuma yao husimama Tódor na besi yake. Watu watatu, basi. Hiyo ndiyo bendi, na hapakuwa na nyingine iliyobaki katika vijiji vya bonde lile. Kwingine kote vijana walikuwa wameshanunua vinanda vya umeme.

"Venci," Gáspár alisema.

"Nipo, kaka."

"Wangu... mtapiga?"

Vencel hakuhitaji kuuliza wangu nini. "Tutapiga. Wako naujua. Wewe pumzika."

Gáspár alimtazama kwa lile jicho zima, la kulia. Akamtazama kwa muda, kama mtu anayekagua uzi kabla ya kuukaza. Halafu uso ukalegea, akafumba jicho. Rozália mkewe alikuwa mlangoni na bakuli la supu. Alisikia kila neno. Kabla ya adhuhuri Gáspár alikuwa amekata roho, na watu waliokuja kumwosha walisema hawajawahi kuona maiti ya mjipsi, mtu wa lile kabila la wapiga muziki, iliyotulia vile.

Nádaskő mtu hapewi wimbo, anauchukua. Kijana akishaanza kucheza na wanaume, siku moja husimama mbele ya bendi, kofia imeegemea sikio, akamwimbia mpiga fidla mstari mmoja. Huenda ni wa babu yake, huenda ni wa jirani aliyekufa bila mtoto, huenda ameuokota sokoni. Mpiga fidla anaudaka. Tangu siku hiyo wimbo ni wake, na mtu mwingine akiuagiza kwenye harusi bila ruhusa, viti vinaruka. Akifa, bendi inatangulia mbele ya jeneza ikipiga wimbo huo kutoka uani kwake hadi lango la makaburi. Aliyekwenda bila wimbo wake hakusindikizwa, ameburutwa tu.

Nyimbo zote za kijiji zilikuwa kichwani mwa Gáspár, za walio hai na za waliokufa. Alijua hata nani anapiga visigino vipi kwenye dansi ya wanaume, na alikuwa akimngoja mtu hewani mpaka atue ndipo amalizie sauti.

Sasa ilikuwa zamu yake, na Vencel hakuwa na wasiwasi. Alikwenda kwa Tódor kupanga mambo. Alimkuta uani anapasua kuni, mtu mnene, mwenye pua nyekundu, mwepesi wa matusi.

"Basi tutaanza pale kisimani," Vencel alisema, "tuupige polepole, kwa sababu njia ina barafu. Bálint, mwanafunzi wake wa Budapest, atapiga fidla, nimeshampigia simu kutoka dukani. Nitamfundisha akifika tu."

"Utamfundisha nini?"

"Wimbo wa Gáspár. Ule aliokuwa anapiga alfajiri tukirudi nyumbani." Vencel akauimba kwa pua, mwanzo hadi mwisho.

Tódor aliacha shoka ndani ya gogo. Kwanza alicheka.

"Ule? Wee Venci, umelewa mchana huu? Ule ni wa marehemu Zsigmond, msagaji!"

"Wa Gáspár. Nimeusikia kila alfajiri tangu tuanze kupiga."

"Umeusikia kwa sababu wewe unakaa kwenye kinu chake, mpumbavu we! Hujui alivyokuwa anafanya akirudi? Kila nyumba anayopita anaipigia wimbo wa mwenye nyumba. Kwa Kalapos anapiga wa Kalapos, kwa mjane Borika anapiga wa mume wa Borika. Kwangu mimi anapiga wa marehemu baba mkwe, mke wangu anafungua dirisha anamtukana. Akifika kinuni anapiga wa msagaji. Ndipo wewe unaingia ndani kulala."

 Vencel aliona ni kweli. Alizijua nyimbo zile zote, lakini alizijua kama mtu wa kontra anavyojua wimbo, kwa mkono, kwa kutazama kiwiko cha mwenzake na kujua sasa kinashuka, sasa kinapanda. Hakuwa na desturi ya kuuliza wimbo ni wa nani. Anayeuliza ni mpiga fidla.

"Baada ya kinu," alisema taratibu, "kuna nyumba gani?"

"Hakuna. Kuna bwawa, kuna mteremko, halafu nyumba yake."

"Na pale alikuwa anapiga nini?"

Tódor alifuta pua kwa mkono wa koti. Hakuwa anacheka tena. "Mimi nakaa juu, nitajuaje? Mtu wa mwisho kuwa naye ulikuwa wewe."

Vencel alikwenda kwa Rozália. Alipanga njiani namna ya kuuliza bila kuonekana kwamba anauliza. Alimkuta jikoni na wanawake wawili wanafunga nyama ya kusaga ndani ya majani ya kabichi, kwa ajili ya watu wa matanga. Gáspár alikuwa chumba cha pili, dirisha limefunguliwa ili baridi imtunze.

"Shemeji," Vencel alisema, "alfajiri kaka akirudi kutoka kwenye harusi, ulikuwa unamsikia?"

"Nilikuwa nasikia mlango."

"Na fidla?"

"Fidla ilikuwa tayari kwenye mfuko. Akifika bwawani alikuwa anaacha kupiga asituamshe. Watoto walikuwa wadogo, na mimi nilikuwa naenda kukamua ng'ombe wa ushirika mapema." Akamtazama. "Kwa nini unauliza? Wewe si unaujua wimbo wake?"

"Naujua."

"Maana mimi siujui. Nimelala naye maisha yangu yote na siujui. Humu ndani alikuwa mchovu, hakuimba. Nilikuwa naona aibu kumuuliza. Mwanamke gani hajui wimbo wa mumewe? Uliposema unaujua, Venci, nilishukuru Mungu."

Vencel alitoka nje. Alirudi kwa Tódor kumngoja Bálint.

Bálint aliwasili kesho yake asubuhi, macho mekundu kwa kuendesha gari usiku kucha. Alikuwa na bendi yake Budapest, vijana wa mjini ambao kazi yao yote ilikuwa kuhifadhi muziki na dansi za vijijini. Walivaa viatu virefu vya wakulima, wakafundisha watu wa ghorofani kucheza kama wanavyocheza Nádaskő. Alikuja kwa Gáspár kila kiangazi. Alilala ghalani kwake, akakata nyasi pamoja naye, na alipiga fidla karibu kama mwalimu wake. Watu wa mjini walimheshimu sana. Rozália alimwita mwanangu.

Walijifungia watatu jikoni kwa Tódor na mashine ya kanda juu ya meza. Bálint alikuwa amebeba kanda zote, sanduku zima. Walisikiliza asubuhi nzima hadi jua likapita kichwani. Kila wimbo ulipokwisha, sauti ya Gáspár, ile ya zamani yenye kicheko ndani, ilimtaja mwenye wimbo. Huu wa Lidi Kalapos. Huu wa András mwenye jicho moja. Huu wa baba yake András, lakini András hataki kuusikia. Huu wa mchungaji wa zamani, alikuwa akiuagiza akishafunga milango.

"Endelea," Vencel alikuwa akisema kila mara. "Weka nyingine."

Ilipokwisha ya mwisho, Bálint alikaa akikodolea mashine.

"Nilimuuliza," alisema. "Kiangazi kimoja nilimuuliza, mzee Gáspár, wako ni upi? Akasema, wangu ni ule nilioagizwa. Nikacheka. Nikadhani ni mzaha, tukaendelea na kazi."

Tódor alipiga meza. "Miaka yote hiyo unakuja kuchukua nyimbo zetu, wa kwake umekushinda? Mtu mmoja! Aliyekulisha!"

"Na wewe ulikuwa nyuma ya mgongo wake, Tódor. Ulikuwa umbali wa mkono."

Tódor alivuta chupa. Akamimina gongo la plamu kwenye vikombe, na hakuna aliyekunywa.

Jambo lenyewe lilikuwa wazi, na baya. Mtu huchukua wimbo kwa kwenda kusimama mbele ya bendi. Gáspár hakuwahi kusimama mbele ya bendi. Alikuwa upande wa pili maisha yake yote, akitazamana na waliosimama. Nani angemdakia?

"Tutafute mwingine," Bálint alisema. "Mimi najua mamia, za mbali huko, za vijiji ambavyo watu wa hapa hawajawahi kufika. Tupige mmoja mzuri, wa taratibu. Nani atajua?"

Vencel aliinua kichwa. Kwa muda ilionekana kama mlango umefunguka.

"Huo wa mbali una mwenyewe?" Tódor aliuliza.

"Ulikuwa naye. Mzee mmoja mchunga kondoo."

"Basi na huyo mchunga kondoo ana jeneza lake. Unataka Gáspár alale kwenye jeneza la mtu mwingine? Nikupige na hii chupa?"

Mlango ukafungika. Na za Nádaskő hazikufaa hata kujaribu. Hakuna mtoto pale asiyejua wimbo upi ni wa nyumba ipi. Ungepiga mistari miwili, watu wangeanza kunong'ona: mbona wanamzika Kalapos, Kalapos si yule pale na kofia yake?

Ilibaki njia moja ambayo Vencel alikuwa anaizunguka tangu asubuhi. Kwenda kuomba. Alimchagua Mzee Márton, kwa sababu wengine wote waliompenda Gáspár walikuwa chini ya udongo. Márton Szőcs alikuwa mchezaji wa mwisho wa dansi ya wanaume kijijini, mkulima mwenye fahari, goti moja limekufa, na bado kwenye harusi alisimama mbele ya Gáspár akipiga viganja kwenye viatu vyake huku machozi yakimtoka. Hakuna aliyewahi kuwaona wakiongea zaidi ya salamu. Waliongea hivyo, mmoja kwa fidla, mwingine kwa miguu.

Márton alikuwa ameketi karibu na jiko. Albert mwanawe alikuwa mezani anakula mkate na mafuta ya nguruwe, hakumkaribisha mgeni kiti. Vencel alisimama karibu na mlango, mahali wapiga muziki wanaposimama, akaeleza yote. Hakuficha kitu. Hata ahadi aliyompa mgonjwa aliitaja.

"Sasa unataka nini kwa baba?" Albert aliuliza.

"Namwomba amwazime Gáspár wimbo wake."

Albert alitafuna kwanza, akameza. "Amwazime. Kama toroli."

"Albert," Márton alisema.

"Hapana, baba, ngoja. Ukishamwazima, unao tena? Utakwenda nao mara mbili kaburini? Wimbo ukishamzika mtu haurudi mpaka mjukuu wake auchukue, hiyo ndiyo sheria, na wewe ndiye uliyenifundisha. Huu ulikuwa wa babu yako. Utakufa bubu kwa ajili ya mjipsi?" Akamgeukia Vencel. "Mjipsi hana wimbo wake, bwana. Ana wa kwetu. Ndivyo ilivyokuwa siku zote, na hata Gáspár alijua, ndiyo maana hakujitwalia. Alikuwa na adabu kuliko wewe."

Vencel alimtazama mzee. Mzee alikuwa anatazama mlango mdogo wa jiko, moto ukiwa nyuma yake. Alikunja kidole, akakikunjua. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na kunyamaza kwa baba mbele ya mwanawe ni jibu.

"Mbaki salama," Vencel alisema.

"Funga mlango vizuri," Albert alisema. "Baridi inaingia."

Asubuhi ya mazishi theluji ilikuwa imekoma na baridi imekaza. Rozália alikuwa anafagia kizingiti, shela jeusi limefungwa hadi machoni, kwa sababu jeneza lilikuwa linasubiri kutolewa na hakutaka wabebaji wateleze. Vencel alimjia na kontra chini ya kwapa. Hakuwa amelala. Alikuwa ameamua kitu kimoja tu, kwamba hatamwacha mtu wa pili katika nyumba ile akidanganyika.

"Shemeji, siujui."

"Hujui nini?"

"Wimbo wake. Nilidhani ule wa alfajiri ndio wake. Kumbe ulikuwa wa Zsigmond msagaji. Nimetafuta kila mahali. Haupo."

Rozália hakuacha kufagia. Alifagia mara mbili tatu mahali palepale palipokwisha kuwa safi.

"Alikufa akijua kwamba unao," alisema.

"Ndiyo."

"Alikutazama vile, akakuamini, akafumba jicho. Kwa wimbo wa msagaji."

"Ndiyo, shemeji."

Alimpiga kwa ufagio. Hakumpiga kwa nguvu sana, lakini usoni, matawi makavu yakamchana shavu, na wanawake waliokuwa jikoni wakatoka mlangoni kutazama. Alimpiga tena begani, na mara ya tatu akagonga kontra, nyuzi zikalia. Hapo ndipo aliposimama. Sauti ile ilimsimamisha.

"Niondoke?" Vencel aliuliza.

"Uende wapi? Ukapumzike?" Alikuwa anahema. "Utatembea mbele ya jeneza, wewe na yule mlevi mwenzako. Mtapiga. Sitaki wa msagaji, sitaki wa mtu yeyote. Bálint asiguse fidla. Mtapiga kile mlichokuwa mnampigia yeye, kile cha chini. Kama juu hakuna kitu, basi kijiji chote kisikie kwamba hakuna kitu. Wameoa kwa mikono yake, wamezika kwa mikono yake, mtu mmoja hakuwahi kumuuliza. Wasikie!"

"Na wewe pia utasikia, shemeji."

"Na mimi. Mimi wa kwanza."

Mchungaji alisoma, watu wakaimba zaburi moja fupi, kwani baridi ilikuwa inauma meno. Wanaume sita wakainua jeneza. Vencel na Tódor walisimama kisimani, besi ikiwa imefungwa kwa mkanda begani kwa Tódor ili aweze kutembea nayo. Bálint alisimama kando, fidla ndani ya koti lake ili isipate baridi, uso mweupe kama ukuta.

"Mwendo wa taratibu," Vencel alinong'ona.

"Chini ya nini?" Tódor aliuliza. "Nitajuaje pa kugeuka?"

"Nifuate mimi."

"Na wewe unamfuata nani?"

 Vencel aliweka upinde juu ya nyuzi tatu na kuanza. Mwendo wa taratibu wa Nádaskő unachechemea, hatua moja ndefu na moja fupi, kama mtu mwenye mguu mbovu anayepanda mlima. Besi ikaingia chini yake. Walitembea. Vidole vya Vencel vilikufa ganzi kabla hawajafika barabarani. Alikuwa anakandamiza tu na kuvuta, anakandamiza na kuvuta, na kila alipofika mahali ambapo fidla ingepanda, aligeuza macho kwa mazoea kutafuta kiwiko. Hewa ilikuwa tupu pale.

Watu nyuma walianza kunong'ona.

"Fidla iko wapi?"

"Mbona huyu wa Budapest hapigi?"

"Mjinga we, wanapasha nyuzi moto. Wataanza."

Walipita kwa Kalapos. Walipita kwa mjane Borika. Hakuna kilichoanza. Minong'ono ikaisha yenyewe, ikabaki theluji inayovunjika chini ya viatu na lile jambo la chini linalochechemea bila mtu juu yake. Mwanamke mmoja alianza kulia kwa sauti, si kilio cha heshima cha mazishi, kilio cha hofu, kama mtoto aliyeamka nyumba tupu. Vencel alisikia akilia na akamchukia, akajichukia zaidi. Alitaka kutupa kontra mtaroni. Mkono haukukubali. Ulikuwa umezoea kutoacha mpaka fidla iache, na fidla haikuwapo ya kuuambia basi.

Kwenye mteremko wa makaburi, pale barabara inapopinda, Mzee Márton alikuwa amesimama na mwanawe. Hakuja uani, goti halikumruhusu. Alingoja huko juu, kofia mkononi. Bendi ilipofika mbele yake alitazama pale kando ya Vencel, mahali ambapo Gáspár alikuwa akisimama. Alitazama kwa namna ya mtu anayesubiri kuanza kucheza.

Halafu akaimba. Sauti ilikuwa imepasuka, haikushika sauti ya kwanza, ikaitafuta, ikaipata.

"Mlima mtupu, nani kakukata miti,
umebaki kama mimi, huna pa kujificha upepo."

"Baba!" Albert alimshika mkono wa koti. "Baba, nyamaza! Wewe huna mwingine!"

Márton aliuchomoa mkono. Akaingia barabarani mbele ya jeneza, akichechemea, na kuchechemea kwake kukawa sawasawa na kwa wimbo. Vencel alitaka kuacha. Huu haukuwa wa Gáspár, kila aliyekuwa pale aliujua ni wa nani, ulikuwa wa Szőcs tangu babu, na yeye aliahidi wake. Lakini mkono ulishamfuata mzee. Ulijua pa kugeuka. Besi nayo ikageuka. Nyuma yao Bálint alimtazama Rozália, na Rozália, uso umefunikwa, akashusha kichwa kidogo, na Bálint akatoa fidla ndani ya koti akaanza kumfuata Márton kutoka chini, polepole, bila madoido.

Walikwenda hivyo hadi langoni. Watu wa Nádaskő hawaimbi wimbo wa mtu kwenye mazishi yake, wanamwachia bendi, kwa hiyo ilikuwa sauti ya Márton peke yake na zile fidla. Alipomaliza mstari wa mwisho alikuwa hana pumzi tena. Alishika nguzo ya lango. Jeneza likapita karibu naye, likaingia.

Baada ya udongo watu waliharakisha kushuka kwenda kula kabichi wakiwa bado wanahisi miguu yao. Rozália alipita mbele ya Vencel.

"Ule ni wa Márton," alisema.

"Ndiyo, shemeji."

"Kwa hiyo wake hukumpigia."

"Sikumpigia."

Alimtazama zile alama za ufagio shavuni. "Njoo ule," alisema, akashuka na wanawake wenzake.

Márton alikuwa bado kwenye nguzo. Albert alikuwa amekwenda mbele hatua kadhaa, amempa mgongo, mikono mifukoni, anasubiri kwa hasira. Vencel alimwendea mzee ili amsaidie kushuka. Tódor alikuja nyuma akivuta pua, besi mgongoni.

"Barafu hii," Márton alisema.

"Nishike begani, mzee."

Walishuka kidogo. Mzee aliegemea kwa uzito wote.

"Sasa, Venci," Márton alisema bila kumtazama. "Nimebaki mimi. Siku yangu ikifika, utanipigia nini?"

Neno lilimjia Vencel mdomoni lenyewe, lile lile alilompa Gáspár, la huruma, la haraka. Lilikuwa tayari nyuma ya meno. Alilimeza.

"Sijui, mzee."

"Hujui."

"Sijui. Na sitakuahidi kitu."

Márton alisimama, akamtazama kwa mara ya kwanza. Midomo ilikuwa ya bluu kwa baridi.

"Ungesema unajua," alisema, "ningekuvunja pua."

Akamshika tena begani, wakaendelea kushuka, mguu baada ya mguu, wakitafuta mahali ambapo theluji haijakanyagwa.